Kununua Gari Lililokwisha Tumika

Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama na wajumbe katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika sherehe za namna hii ni desturi Katibu asimame asome hesabu ya kilo zilizopokewa ghalani na fedha zilizolipwa. Hesabu hizo zimo katika taarifa mliyokwisha kupewa, nanyi mwazijua kuliko sisi, maana ni jasho lenu. Bodi imetuagiza tuzungumze juu ya jambo ambalo halimo katika taarifa wala halikutajwa katika masharti ya Chama, lakini kila msimu linakula fedha za wanachama kuliko panya walavyo ghalani. Jambo hilo ni ununuzi wa magari yaliyokwisha tumika.

Malipo ya korosho hayaji kidogo kidogo kama mshahara. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao hili msimu wa 2007/2008, mkulima hungoja mnada, kisha fedha huingia katika akaunti yake kwa mkupuo. Na fedha ya mkupuo ina harufu. Madalali huinusa toka mbali. Wiki ile ile huonekana gari limeegeshwa chini ya mwembe, limeoshwa, matairi yamepakwa dawa hata yang'are, na kando yake amesimama bwana mwenye shati safi akisema, "Hili lilikuwa gari la mwalimu, halijapata kubeba mzigo." Walimu hao wenye magari, ajabu ni kwamba hawaonekani kamwe. Palizi, kupulizia salfa, kuokota, kuanika na kungoja mnada: kazi ya mwaka mzima hutoka mkononi katika mazungumzo ya nusu saa.

Hatusemi watu wasinunue. Gari kwa mkulima si pambo, ni jembe la pili. Hupeleka magunia ghalani, huleta pembejeo, humwahisha mzazi hospitali usiku. Na gari jipya la dukani limetupita kimo wengi wetu. Kwa hiyo lililotumika ndilo letu, na hakuna aibu. Tunalotaka kusema ni kwamba bei anayoitaja muuzaji siyo gharama ya gari. Gharama yenyewe huanza kuhesabiwa siku ile muuzaji anapoondoka na fedha.

Kabla ya kuliona gari lolote, mtu na akae nyumbani aiulize kazi yake. Nitabeba nini, uzito gani, njia gani, mara ngapi kwa juma? Njia zetu nyingi za vijijini ni mchanga mzito wakati wa kiangazi, na penye udongo mweusi huwa tope la kushika magurudumu wakati wa masika. Gari dogo la chini, hata likiwa zima kama yai, litapasuka tumbo katika njia hizo. Mwenye shamba lililo kando ya lami na mizigo ya wastani atatumikiwa vema na gari kama Probox, ambalo Toyota walianza kulitengeneza mwaka 2002 kwa ajili ya kazi za biashara. Ndiyo maana viti vyake ni vya kawaida tu na springi zake ni ngumu. Mwenye njia ya mchanga na mizigo ya kila juma atafute pikapu yenye kuvutwa na magurudumu yote manne. Mwenye tani mbili tatu za kusafirisha asijidanganye na pikapu. Hiyo ni kazi ya Canter au lori dogo la Isuzu, na kupakia pikapu mzigo wa lori ni kununua chasisi iliyopinda kwa awamu.

Baada ya kuiuliza kazi, ulizeni duka la spea. Hili watu wengi hulifanya nyuma mbele: hununua kwanza, ndipo waende kuuliza. Ingieni katika duka la spea la mji wetu, mtaje aina ya gari na injini yake, muulize bei ya klachi, ya pampu ya maji, ya breki za mbele, ya shokapu. Mwenye duka akisema, "Hiyo mpaka tuagize Dar es Salaam," mmekwisha pata jibu, hata kama gari lenyewe ni la kupendeza. Hapa ndipo penye siri ya Hilux kupendwa tangu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1968. Yako magari yenye viti laini kuliko yake, lakini Hilux kila fundi kijijini ameifungua, na kila duka lina kipande chake. Gari la kifahari kutoka Ulaya linalouzwa kwa bei ya pikapu kuukuu linauzwa bei hiyo kwa sababu maalum, na sababu hiyo ataijua mnunuzi pindi taa ya kwanza itakapowaka katika dashibodi.

Tufanye hesabu moja ya mfano, maana wakulima wa ushirika hawaogopi hesabu. Yapo magari mawili. La kwanza lauzwa shilingi 13,000,000 na kwa lita moja huenda kilomita 8. La pili lauzwa shilingi 16,000,000 na kwa lita moja huenda kilomita 12. Tuseme kwa mwaka mtatembea kilomita 12,000. La kwanza litakunywa lita 1,500; la pili lita 1,000. Tukiihesabu lita kwa shilingi 3,000, tofauti yake ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili lile la bei rahisi limekwisha kuwa sawa na la bei ghali, na mwaka wa tatu limekuwa ghali zaidi. Wala hatujagusa spea.

Sasa tuseme juu ya mahali magari haya yanakotoka. Mengi yanatoka Japani, kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia. Kwao gari la abiria likiwa jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Kwa hiyo watu wengi huona heri kuliuza gari lingali zima kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Magari hayo hupelekwa mnadani, na kila moja huandikiwa karatasi ya mnada na mkaguzi asiyekuwa muuzaji. Huandika kilomita, mikwaruzo, kutu, na daraja: daraja 4 au 4.5 ni gari zuri lililotumika kwa wastani. Herufi R huonyesha kwamba limepata ajali likatengenezwa. Anayeagiza gari na adai karatasi hiyo kabla ya kulipa, na atafute mtu wa kumfasiria Kijapani chake. Muuzaji anayesema karatasi imepotea, naye mwacheni apotee.

Anayeagiza mwenyewe asisahau kodi. Gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, pamoja na ushuru mwingine, na lililozidi umri wa miaka minane huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu. Jirani zetu wa Kenya wao hawaruhusu kabisa kuingizwa gari lililozidi miaka minane. Sisi twaruhusu, lakini twalipa. Tena Mamlaka ya Mapato haifuati bei uliyoandikiwa na muuzaji ikiwa ni ndogo kuliko thamani iliyo katika orodha zao. Kikokotoo chao kimewekwa katika tovuti, na kijana yeyote mwenye simu ataweza kukitazama kabla baba yake hajatuma fedha ng'ambo. Tumesikia habari za watu waliolipia gari likafika bandarini, nao wakakosa fedha za kulitoa, huku gharama za kuliweka pale zikiongezeka kila siku.

Wengi wetu, hata hivyo, tutanunua gari lililokwisha kutumika hapa hapa nchini, na hapa yako mazoea moja ambayo tungependa yakome. Watu husema, "Hili ni namba D," au, "Hili ni namba E," kama kwamba herufi ya kibao ndiyo umri wa gari. Herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, basi. Gari lililoundwa mwaka 2004 laweza kushushwa bandarini baada ya miaka kumi na mitano, likapewa kibao cha herufi mpya, likauzwa kwa sifa ya herufi hiyo. Umri wa kweli usomwe katika kadi, mahali palipoandikwa mwaka wa kuundwa, kisha ulinganishwe na namba ya chasisi iliyogongwa katika chuma cha gari lenyewe. Hali kadhalika mita ya kilomita. Siku hizi hurudishwa nyuma kwa mashine ndogo kwa dakika chache. Msiiamini; iaminini pedali ya breki iliyolika mpira, usukani uliong'aa kwa kushikwa, na kiti cha dereva kilichozama. Gari la kilomita 60,000 haliwezi kuwa na pedali iliyobaki chuma kitupu.

Sasa njoni kwenye gari lenyewe. Nendeni asubuhi na mapema, na mumwambie muuzaji jana yake kwamba asiliwashe kabla hamjafika. Mkifika, wekeni mkono juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mtu ameliamsha mapema, na yafaa mwulize kwa nini. Injini baridi husema kweli ambayo injini moto huificha: kuwaka kwa shida, kugongagonga kwa vyuma, moshi wa kwanza. Kabla ya kuwasha, fungueni kifuniko cha rejeta (kikiwa baridi tu, tafadhali, tusije tukaunguzana nyuso) na kutazama maji yake. Maji yenye mafuta juu yake, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa katika kijiti cha kupimia, ni dalili kwamba maji na oili vinakutana ndani ya injini, na hapo msiendelee na mazungumzo ya bei. Kisha washeni, mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi au hewa isiyotosha. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto aghalabu ni maji yanayoingia katika silinda. Moshi mwembamba wa asubuhi unaokoma upesi si kitu. Iacheni injini iungurume robo saa, mkitazama mshale wa joto, na mkisikiliza.

Ulizeni pia juu ya mkanda wa taimingi. Injini nyingine zina cheni, kama ile ya petroli ya lita moja na nusu iliyomo katika Probox nyingi, na cheni haina tarehe ya kubadilishwa kama mkanda. Lakini injini za dizeli za zamani za Toyota zilizo katika pikapu nyingi tunazozijua hutumia mkanda, na kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani waweza kuharibu injini yote kwa sekunde moja. Ikiwa hakuna karatasi ya fundi wala kibandiko chini ya boneti chenye kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabuni kwamba haukubadilishwa, na mwondoe gharama yake katika bei. Injini mpya za dizeli ni zenye nguvu na hunywa mafuta kidogo, lakini mfumo wao wa mafuta hufanya kazi kwa shinikizo kubwa mno na hauvumilii uchafu. Mtu anayenunua dizeli ya madumu kando ya barabara atajitia hasara kwa injini ya namna hiyo, na nozeli zake si za bei ya mchezo.

Kisha laleni chini. Ndiyo, hata mzee mwenye kanzu na atafute mkeka alale, au amtume mjukuu. Sehemu ya juu ya gari hupakwa rangi na kila mtu. Sehemu ya chini ndiyo yenye habari. Tazameni chasisi toka mbele hadi nyuma, mtafute mahali palipochomelewa, palipopinda, au palipoliwa na kutu. Magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, yaweza kuwa yameoza chini na juu yanang'aa. Na yaliyokaa karibu na bahari yetu nayo hupatwa. Pikapu iliyopakwa lami nzito mpya chini kote mnayo haki ya kuitilia shaka. Inueni pia mazulia ya ndani: matope makavu chini yake, kutu katika reli za viti na harufu ya ukungu ni dalili za gari lililozama katika mafuriko, na umeme wa gari hilo hautatulia kamwe.

Matairi hatutayasemea sana. Lakini jueni kwamba ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kuundwa. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi ni mzee aliyepakwa wanja.

Liendesheni, wala si kuzunguka uwanja wa mpira. Pelekeni gari kwenye kilima, mchangani, na katika barabara yenye makorongo. Fungeni redio. Mkiliachia usukani kidogo penye barabara sawa, na lisivute upande. Mkishika breki, na lisimame bila kuyumba. Mkiwa mlimani tieni gia kubwa mkanyage mafuta: injini ikipanda kelele na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Lenye kuvutwa na magurudumu yote manne, ingizeni gia hiyo na kuijaribu, maana wengi huuziwa mti usiofanya kazi.

Na baada ya haya yote, lipeni fundi wenu. Siyo fundi aliyeletwa na dalali, wala fundi rafiki wa muuzaji, bali mtu mliyemchagua, mliyemlipa ninyi, ambaye atapata ujira wake hata akisema "msinunue". Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu huyo ni dalali wa pili. Shilingi elfu hamsini au laki moja ya fundi huonekana kubwa siku hiyo. Ilinganisheni na bei ya giaboksi.

Tumefika katika karatasi, na hapa tutasimama kidogo, kwani gari bovu hutengenezeka lakini umiliki mbovu ni ugonjwa wa miaka. Mwanachama mmoja wa vijiji vyetu alinunua pikapu nzuri kabisa, injini safi, bei ya haki. Kadi ilikuwa kwa jina la mtu wa tatu, na muuzaji akasema atakuja kuibadilisha "wiki ijayo". Wiki hiyo haijafika. Alipotaka kuweka gari hilo dhamana alikataliwa. Alipotaka kuliuza, wanunuzi walimkimbia. Gari analo, lakini si lake. Kwa hiyo: tazameni kadi halisi, siyo kivuli chake. Jina la kadi na liwe ndilo jina la kitambulisho cha mtu anayepokea fedha. Namba ya chasisi na ya injini katika kadi ziwe ndizo zilizo katika chuma. Angalieni kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa, na kama kadi haijawekwa rehani mahali. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, lipeni kupitia benki, na uhamisho wa umiliki ufanywe Mamlaka ya Mapato siku zile zile, kwa namba za mlipa kodi za pande zote mbili. Muuzaji wa kweli hatachukia. Anayekuhimiza kwamba yuko mteja mwingine njiani, mwombeni ampokee mteja huyo.

Viongozi wa Vyama vya Msingi, sasa twasema nanyi. Gari la chama halinunuliwi na Mwenyekiti na Katibu katika safari ya siku mbili mjini. Liwe limo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Na kama ni la mkopo, mkopo uwe ndani ya ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mrajis. Wapelekwe watu watatu kulikagua, mmoja wao awe mwanachama wa kawaida asiye na cheo, na taarifa ya fundi ibaki katika jalada ili mkaguzi wa COASCO aikute. Kadi iandikwe jina la chama. Tumepata kuona gari la chama ambalo kadi yake ilikuwa na jina la mwenyekiti wa zamani, "kwa kurahisisha mambo", na alipofariki warithi wake walikuja kulidai, nao kwa sheria walikuwa na karatasi na chama kilikuwa na maneno. Wakulima mia kadhaa walikatwa fedha zao kwa kila kilo ili kulinunua gari lile. Liwe pia na daftari la safari, na dereva asiwe mpwa wa mtu.

Neno moja la fedha, na tumekwisha. Mwenye shilingi milioni 15 asitafute gari la milioni 15. Atafute la milioni 12, na hizo tatu ziende katika bima, uhamisho, oili mpya na vichungio vyake, mkanda, matairi mawili, na lile litakalojitokeza mwezi wa kwanza, maana lazima litajitokeza. Anayenunua Dar es Salaam anayo zaidi ya kilomita 500 kabla hajaiona Mtwara. Na akague maji na oili kabla ya kuvuka Rufiji, na tena akisha vuka.

Karatasi yenye mambo ya kukagua tumeichapisha, na nakala ziko mezani karibu na mlango. Ofisi itampa barua ya utambulisho mwanachama yeyote anayetaka kwenda kuuliza habari za gari Mamlaka ya Mapato. Wenye nia ya kununua msimu huu na wachukue karatasi hizo kabla ya chakula, kwa kuwa baada ya chakula ngoma itaanza na hatutasikilizana.